Mzimu wa Maneno 700: Hadithi za Kutisha Zilivyoingia Kwenye Darasa la Kiingereza, Kutoka Boma la Arusha Mpaka Leo

Mtaani leo, kuanzia Ngarenaro mpaka Sakina, kijana akikuambia "mzuka!" anakusalimia tu. Ukiwa na mzuka maana yake umechangamka, uko tayari kwa lolote. Mshikaji akilalamika kwamba demu wake "kam-ghost", maana yake meseji imesomwa, tiki mbili za bluu zinaonekana, na jibu halijaja mpaka kesho. Na mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuwaondoa zaidi ya watumishi 10,000 kwenye orodha ya mishahara kwa sababu walikuwa majina matupu, wanaoandika kwa Kiingereza waliwaita "ghost workers". Watanzania wakawaita watumishi hewa.

Yaani neno moja la kizungu, "ghost", kwa Bongo limeshakuwa ukimya wa WhatsApp na hewa ya kwenye mishahara. Na neno la Kiswahili la kitu kinachozuka mbele yako usiku, mzuka, limeshakuwa salamu.

Sasa mpe mwalimu wa Kidato cha Kwanza, kwenye shule yoyote ya kata chini ya Mlima Meru, kazi ya kulifundisha neno hilo. Mbele yake kuna watoto wamebanana watatu watatu kwenye dawati, na wengi wana Kiingereza cha kuombea maji. Kitabu mkononi ni chembamba, jalada lina jumba la zamani na mwezi. Hadithi ya mzimu, na ya Kizungu. Aanzie wapi?

Kujua aanzie wapi, inabidi kurudi nyuma kidogo, maana hofu iliyopo kwenye darasa hilo haikuletwa na kitabu.

SHULE YENYEWE NI NENO LA KIJERUMANI

Wengi hawajui kwamba neno "shule" limetoka kwenye Kijerumani. Ndiyo maana Bara wanasema shule na Zanzibar wanasema skuli, kutoka Kiingereza. Neno hilo moja linakuambia nani alitawala wapi.

Kwa Arusha na Meru, habari hiyo ilianza vibaya. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa misheni ya Leipzig waliuawa Akeri, kwenye miteremko ya Meru. Wajerumani wakajibu kwa vita vya kuadhibu, na mwaka 1900 boma la Arusha likajengwa kwa nguvu za wenyeji waliolazimishwa kufanya kazi. Ni boma hilohilo ambalo leo ni makumbusho ya viumbe na historia ya asili, mahali ambapo watu wanapiga picha za harusi. Wamisionari walirudi, wakafungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na kila kituo kilikuja na darasa.

Mwaka 1916 Waingereza wakaingia Arusha. Piga hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1902 alikuwa na miaka 24 bosi alipobadilika. Nyumbani Kimeru au Kiarusha, kanisani na sokoni Kiswahili, ofisini Kijerumani, halafu ghafla ofisini Kiingereza. Ndani ya ujana wa mtu mmoja, lugha ya kuogopwa ilibadilishwa kama shati.

Na haikuwa lugha ya urembo. Novemba 1951 Wameru walihamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, alifika New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kudai ardhi hiyo. Ardhi haikurudishwa kwa kikao kile. Lakini kwa kizazi kile cha Meru somo lilibaki wazi: amri za kukuhamisha zinaandikwa kwa lugha usiyoijua, na malalamiko yako hayasomwi mpaka mtu ayaandike kwa lugha hiyohiyo.

Kwa hiyo mzazi aliyempeleka mtoto shule miaka hiyo alikuwa anatafuta silaha. Kiingereza kilikuwa na heshima na hofu kwa pamoja, kama bunduki ya ukutani.

MIZIMU YA KIZUNGU ILIPITIA KWENYE KISWAHILI

Huku Pwani mambo yalikuwa yameanza mapema zaidi. Mwaka 1867, Edward Steere wa misheni ya Kianglikana Zanzibar alichapa kijitabu cha hadithi nne za Shakespeare kwa Kiswahili. Hakuchukua tamthilia zenyewe. Alichukua zile zilizosimuliwa upya kwa watoto na Charles na Mary Lamb, kitabu kilichotoka London mwaka 1807. Alichagua ile ya mfanyabiashara wa Venisi, ya mfalme Lear, ya mwanamke mkaidi na ya Timon wa Athens. Kwenye zote nne hakuna mzimu hata mmoja. Hamlet na Macbeth, zenye mizimu, zilibaki kwenye kitabu cha Lamb.

Karibu miaka mia ilipita. Mwaka 1960 Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alitoa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya upelelezi iliyokuwa imeshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukisikia jina unaweza kudhani ni hadithi ya kutisha. Ukiisoma unakuta mzimu ni mahali, pale watu wanapokwenda kuwakumbuka na kuwaomba wazee waliotangulia, na hapo ndipo maiti inakutwa. Mpelelezi Bwana Msa anavuta kiko chake na kutumia akili, hafukizi ubani.

Miaka mitatu baadaye ikatoka tafsiri ya Julius Caesar, kazi ya Julius Nyerere, aliyekuwa rais na ambaye kabla ya siasa alishika chaki. Aliirekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ndani yake kuna tukio ambalo kila aliyeisoma analikumbuka: Brutus yuko hemani usiku, taa inafifia, na Kaizari aliyemuua anamtokea. Mwaka 1968 S. S. Mushi naye akatoa Makbeth, na mle kuna Banquo anayekuja kukaa kwenye kiti cha karamu wakati ameshauawa.

Ona hapo. Nchi changa, rais wake ana kazi lukuki, na bado anakaa usiku kutafuta maneno ya Kiswahili ya kumfanya mzungu aliyekufa amtishe Mtanzania. Ujumbe ulikuwa kwamba Kiswahili kinaweza kubeba chochote, hata mizimu ya watu wengine.

UKUTA WA FORM ONE

Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwezi uliofuata ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Kiingereza kikabaki somo moja kati ya masomo.

Kwa mamilioni ya watoto hiyo ilikuwa neema. Waliijua hesabu, waliijua historia, kwa lugha waliyoielewa. Shida ilikuwa mlango wa pili. Sekondari ilibaki kwa Kiingereza. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, amefaulu, kapongezwa mpaka kanisani, halafu Januari anaingia Kidato cha Kwanza na kila kitu kimegeuka: baiolojia, jiografia, fizikia, uraia. Aliyekuwa wa kwanza darasani anakuwa bubu.

Mwaka 1982 tume ya rais ya elimu, maarufu kama Tume ya Makweta, ilipendekeza sekondari nayo ihamie Kiswahili. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali mashuleni. Matokeo yao yalikuwa ya kutisha kuliko hadithi yoyote: kati ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliopimwa, ni kama asilimia 10 tu waliokuwa na kiwango cha Kiingereza ambacho mtu angetegemea awe nacho anapoanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Yaani wakati wa kumaliza, ndio kwanza wachache walikuwa tayari kuanza.

Lakini pendekezo la kuhama halikupita. Nyerere mwenyewe, aliyetafsiri Shakespeare, mwaka 1984 alikitetea Kiingereza kwa kukifananisha na Kiswahili cha dunia. Na mwaka 1987 ukaanza mradi uliogharamiwa na Uingereza wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza sekondari. Njia yake kuu ilikuwa rahisi: wape watoto vitabu vya hadithi vyepesi, wasome vingi, wasome kwa raha.

Hapo ndipo vile vitabu vyembamba vikaingia kwa wingi.

MANENO MACHACHE, HADITHI KAMILI

Wazo la vitabu hivyo lilikuwa la zamani na lilitoka kwenye koloni lingine. Michael West alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu Bengal, akiwa Dhaka, miaka ya 1920. Aliona kitu ambacho mwalimu yeyote wa Arusha angekitambua: watoto wengi wanaacha shule kabla hawajafika kwenye Kiingereza chenye faida. Wamekula miaka ya gharama, wanaondoka na sentensi tatu. Akajiuliza, mtoto akiacha shule mwaka huu, ataondoka na nini mkononi? Jibu lake lilikuwa kusoma. Mpe maneno machache yanayotumika sana, halafu mpe hadithi nzima iliyoandikwa kwa maneno hayo, apate ushindi mapema. Orodha yake ya maneno kama 2,000 ilichapwa mwaka 1953, na ndiyo babu wa vitabu vyepesi vya leo.

Chukua mfano wa The Canterville Ghost ya Oscar Wilde, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Kwenye mfululizo mmoja maarufu wa Oxford imeandikwa upya kwa maneno ya msingi 700. The Monkey's Paw ya W. W. Jacobs, ya mwaka 1902, iko kwenye daraja la maneno 400.

Hadithi ya Wilde iko hivi. Familia ya Kimarekani inanunua jumba la kale Uingereza. Wanaonywa kwamba lina mzimu wa Sir Simon, aliyemuua mke wake mwaka 1575. Doa la damu liko sakafuni mpaka leo. Mtoto mkubwa anachukua dawa ya madoa, analifuta dakika moja. Usiku Sir Simon anakuja akiburuza minyororo. Baba mwenye nyumba anafungua mlango na kumpa chupa ya mafuta apake hiyo minyororo, watu wanataka kulala. Mapacha wanamrushia mto. Maskini mzee kila siku analipaka doa rangi mpya, na akiishiwa nyekundu anatumia kijani. Mwisho ni binti mmoja tu, Virginia, anayekaa naye, anamsikiliza, na kumsaidia apumzike.

Kwa nini hadithi ya namna hii inafanya kazi kwa anayeanza? Kwa sababu mtoto wa Meru haji darasani mtupu. Ameshasikia habari nyingi za kutisha kuliko kurasa za Kiingereza alizowahi kusoma: nyumba isiyopangishwa, taa inayotembea migombani, mtu aliyeitwa jina usiku akaambiwa asiitike. Anajua mlango ukilia wenyewe kinachofuata ni nini. Anachokosa ni maneno ya kizungu tu, na maneno ya hadithi hizi ni yaleyale ya msingi: usiku, mlango, ngazi, baridi, giza, alisikia, aliona, alikimbia. Anaweza kubahatisha sentensi inayofuata na akapatia. Kwa mtoto aliyekuwa bubu tangu Januari, kupatia mara moja ni jambo kubwa.

Linganisha na ile mistari ya "hii ni kalamu, hiki ni kiti". Hakuna mtu duniani amewahi kufungua ukurasa wa pili ili ajue kiti kilifanya nini.

"GHOST" NI NANI HASA?

Ugumu unaanza ubaoni. Mwalimu akiandika "ghost" sawa na "mzimu", nusu ya darasa inawaza wazee waliotangulia, tambiko na heshima. Nani anamrushia mto babu yake? Akisema "pepo", wengine wanawaza maombi ya Jumapili na kukemewa. Akisema "jini", kichwa kinakwenda Pwani kwenye udi na marashi. Akisema "mzuka", darasa zima linapiga kelele kwa furaha na kipindi kimeisha.

Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye ni Sir Simon, marehemu mzee anayelalamika kwamba hajalala miaka mia tatu. Walimu wazoefu wanajua njia ya mkato: acha neno lenyewe ubaoni, simulia mwanzo kwa Kiswahili dakika tano, uliza "mnadhani usiku huo kutatokea nini?", watoto wabishane kwa Kiswahili mpaka wachoke, ndipo fungua kitabu. Hadithi yenyewe itawafundisha "ghost" ni nani. Kiswahili hapo kinakuwa ngazi ya kupandia kwenye Kiingereza, na hakuna anayekidharau.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Kwa baadhi ya wanafunzi habari hizi ni za kweli, wala si burudani. Nchi hii imeona vikongwe wakiuawa kwa kuitwa wachawi na watu wenye ualbino wakiwindwa kwa imani za ushirikina. Mzazi akija shuleni kulalamika kwamba mwanawe anafundishwa mambo ya mapepo, hana wazimu. Mwalimu makini hamcheki. Anamwonyesha kitabu, anamsimulia mwisho wake, anamwambia hii ni hadithi kama zile za sungura na fisi. Na darasani anauliza swali ambalo Wilde aliliacha pale: kwa nini familia ile haikuogopa, na ilipata faida gani kwa kutoogopa?

Tena kuna mbadala wa nyumbani. Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vya Richard Mabala, vimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kitanzania, na humo hakuna jumba la kifalme. Kuna basi, shamba na watu wanaofanana na jirani. Mtoto hahitaji kuelezwa dohani ni nini. Hoja ni ileile: maneno machache, hadithi kamili, sababu ya kufungua ukurasa wa pili.

MZIMU WENYEWE NI KIINGEREZA

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, aliandika jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyochapwa na kuvishwa vibao shingoni kwa kosa la kuongea Kigikuyu shuleni. Waliosoma Tanzania wana toleo lao. Wengine wanakumbuka fimbo. Karibu wote wanakumbuka kicheko: umesimama, umekosea neno moja, darasa zima limeanguka chini kwa kucheka, na kuanzia siku hiyo ukaamua kutoinua mkono tena mpaka Kidato cha Nne.

Kicheko hicho kimefuata watu mpaka ukubwani. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa mpaka mwaka 2015. Ni mji wa watalii, lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha na la Mlima Meru wenye mita 4,562. Mpagazi anayepandisha mizigo kutoka Momella mpaka kibanda cha Miriakamba anajua tofauti kati yake na kiongozi wa msafara, na mara nyingi tofauti hiyo ni lugha tu. Njia anaijua, ndege anawajua, hali ya hewa anainusa. Lakini usiku, watalii wakimwomba asimulie kitu, anatabasamu na kunyamaza. Hadithi anazo. Anaogopa kicheko.

Kwa hiyo tukirudi kwa mwalimu wetu na kitabu chake chembamba, kazi yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tangu boma la mwaka 1900 lugha ya mkubwa imekuwa ikitembea usiku kwenye miteremko hii, inaburuza minyororo, na kizazi baada ya kizazi kimejifunika shuka. Hadithi ya mzimu inampa mtoto dakika arobaini ambazo kitu cha kutisha kiko kwenye karatasi, na mdomo wake uko huru. Anasoma kwa sauti ya kutetemeka ya kuigiza, na akikosea neno hakuna anayejua kama ni kosa au ni uigizaji.

Sera zimekuja na kupita. Ya mwaka 2014 iliruhusu lugha zote mbili kufundishia. Toleo la mwaka 2023 limeiacha sekondari kwenye Kiingereza. Maana yake Januari ijayo kuna mtoto mwingine wa Tengeru, wa Usa River, wa Ngaramtoni, ataingia darasani akiwa wa kwanza kijijini kwao na atoke bila kusema neno. Kama siku hiyo kuna mtu atamfungulia ukurasa wenye mlango unaolia usiku, huenda akataka kujua nani yuko nyuma yake. Na atauliza, kwa Kiingereza kibovu, kwa sauti.

Wewe je, kitabu gani cha Kiingereza kilikufanya ugeuze ukurasa wa pili? Na ni kicheko gani kilikunyamazisha? Dondosha komenti hapo chini, kwa lugha yoyote. Hakuna wa kukucheka.